Kaka Alikata Kushoto

Kama uko na mtu karibu, msomee hii kwa sauti. Nina sababu yangu, utaiona huko mbele.

Nilimuona kaka yangu akishinda mbio za magari katikati ya majani. Hakuna njia, hakuna mpinzani, hakuna hata mbuzi. Uwanja mzima ulikuwa unamcheka mpaka watu wanashikana mabega wasianguke.

Na mimi nilicheka. Kidogo tu, halafu kicheko kikakatika na sijakimalizia mpaka leo.

Ngoja nianze na kazi yangu, tuelewane.

Mimi nafunga kamera kwenye magari ya mbio.

Usianze kuniheshimu. Siyo mbio zile za kwenye tivii ambapo dereva anamwagiwa vinywaji na warembo. Hizi ni mbio za watu wa mtaani. Mwoka mikate, mwalimu wa hesabu, fundi wa mafriji, kila mmoja na kigari chake alichokitoa viti vya nyuma na kukichora namba ubavuni. Wanakutana kwenye kiwanja cha zamani cha ndege, wanapanga matairi na mapipa, basi, njia imepatikana. Kila mara wanaipanga upya ili asiwepo wa kuikariri.

Magari yanaachiwa moja moja. Unashindana na saa, siyo na mwenzako. Nadhani ndiyo maana wengi wao bado wako hai.

Kamera zangu ni za bei ya chee. Viboksi vya plastiki, ukubwa wa kipande cha sabuni, vilivyotengenezwa vikae kwenye nguzo vikipiga picha jengo linavyopanda. Video hazijui. Zinapiga picha moja, zinavuta pumzi sekunde moja, zinapiga nyingine. Ukiziunganisha unapata filamu inayorukaruka kama mtu mwenye kwikwi.

Wateja wangu wanaipenda hiyo kwikwi. Inamfanya hata mwalimu wa hesabu aonekane ana kasi.

Mwanzoni nilikuwa nazifunga juu ya dashibodi. Picha zikatoka uji mtupu, mtikisiko ule hauna adabu. Nikahangaika mpaka nikapata dawa. Unachukua klampu ya bomba la maji, unaikaza kwenye chuma cha juu kinacholinda kichwa cha dereva. Unakata kipande cha kandambili, unakiweka katikati kama godoro. Halafu kamera unaining'iniza kichwa chini, kama popo. Mtikisiko wote unaishia kwenye kandambili.

Shemeji yangu, mke wa kaka, aliitafuta kandambili yake ya kulia mpaka akakata tamaa. Shem, pole. Ilikufa kishujaa.

Sasa, kamera ikining'inia kichwa chini, picha nazo zinatoka kichwa chini. Kwa hiyo nikifika nyumbani nazimwaga kwenye kompyuta na kuzisimamisha. Programu yenyewe nimeiweka Kiswahili, na ina vitufe viwili vinavyofanana kama mapacha.

Kimoja kinaitwa Zungusha. Hicho ndicho kinachosimamisha picha.

Kingine kinaitwa Geuza. Hicho kinaifanya picha kama ya kwenye kioo. Kulia kunakuwa kushoto, kushoto kunakuwa kulia.

Siku moja, kazi ya mwoka mikate, nilibonyeza vyote viwili kwa usalama. Yule bwana alikuwa ameandika MIKATE YA MOTO kwenye kibao juu ya dashibodi yake, na filamu yote ikatoka ikisomeka kinyume. Shemeji aliiona akacheka mpaka akakaa chini.

"Hii ni lugha gani, shem?"

"Nimebonyeza Geuza. Zungusha inatosha."

"Kwa hiyo hii Geuza kazi yake nini?"

"Kukupeleka usikokwenda."

Alicheka tena. Lile jibu aliliweka mahali. Mimi nililisahau palepale.

Sasa kaka.

Mtaani wanamwita Injini, kwa sababu akikaa kimya ujue kaharibika. Ndiye aliyenilea baada ya wazazi kututoka. Alinisomesha mpaka sekondari kwa kuendesha gari la kusambaza maziwa, na jina la Skrubu alinipa yeye. "Mdogo, halafu kila saa umelegea."

Gari lake la mbio ni kuukuu, rangi ya bluu iliyokwisha kukata tamaa. Kioo cha mbele kina ufa upande wa abiria, umetawanyika kama utando wa buibui. Rafiki yake, Fundi Grisi, aliangusha spana pale. Fundi alitaka kubadilisha kioo, kaka akagoma.

"Huo ndio uso wake. Wewe ukivunjika jino mkeo anakubadilisha?"

Kila anapoingia anaugusa ule ufa kwa kidole, kama anamsalimia mtu.

Mwaka ule kaka alianza vituko.

Anajigonga kwenye meza na milango iliyokuwa pale tangu tuhamie. Anamwaga chai pembeni ya kikombe. Mtu anamnyooshea mkono, yeye kasimama tu anatabasamu, mkono wa watu unaelea hewani kama bendera. Na akitaka kukuangalia anageuza kichwa chote, taratibu, kama feni.

Mimi, mdomo wangu mnaujua.

"Kaka, huo mlango hata jana ulikuwa hapo."

"Umesogea. Nimeuona ukisogea."

"Basi kesho nitauomba radhi kwa niaba yako."

Alicheka. Tulikuwa tunacheka wote. Shemeji tu ndiye alikuwa hacheki, na mimi nikadhani ana hasira za kandambili.

Kazi ya maziwa akaiacha. Akasema mgongo. Nikaamini, kwa nini nisiamini? Aliyenilea akiniambia mgongo, ni mgongo.

Ikatangazwa siku ya mbio. Kaka akasema atashiriki kwa mara ya mwisho, halafu funguo anazitundika ukutani. Nilimtania kwamba kazeeka. Shemeji aliinuka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Jumamosi ni siku ya majaribio. Njia ilikuwa imepangwa upya, na safari hii walioipanga walikuwa na roho mbaya. Unatoka kwenye mstari, unanyoosha, mwisho wa mnyooko unakata kulia. Huko kulia kuna ukuta wa zege wa banda la ndege la zamani, njia inapita ubavuni mwake kabisa. Baada ya ukuta kuna mtaro. Baada ya mtaro kona ya pipa jekundu, halafu unarudi kwenye mnyooko uleule na kumaliza ulipoanzia.

Kaka hakuingia kwenye gari.

"Mguu unanisumbua. Fundi apite, mimi niisikilize injini kwa nje."

"Wewe na mguu wako," Fundi akasema. "Juzi mgongo. Kesho utaniambia una mimba."

"Nenda. Halafu usiniendee kama unapeleka mayai. Piga mwendo wangu."

Fundi akapita, mwendo wa kaka, matairi yakilia pembeni ya ule ukuta. Kamera yangu ikawa inapiga picha zake, moja, pumzi, moja, pumzi.

Kitu cha ajabu siku ile, shemeji alikuja. Yeye na mbio ni paka na maji. Alisimama karibu yangu, mkoba umebanwa kifuani.

"Shem, ule ukuta hawaubomoi?"

"Wataubomoa siku watu wakiisha."

Akautazama muda mrefu. Halafu akageukia upande wa pili wa mnyooko, kushoto, ambako kuna majani mpaka macho yachoke.

"Na kule kuna nini?"

"Hakuna kitu. Majani tu, tena chini pamelala kama mkeka."

"Watu hawasimami kule?"

"Upepo unapeleka vumbi lote huko, nani asimame ale vumbi? Chokaa tu imechorwa ukingoni, ukiivuka umetoka nje ya njia."

"Aha," akasema. Basi. Aha.

Tukarudi nyumbani. Nikamwaga picha kwenye kompyuta, nikabonyeza Zungusha, zikasimama wima kama askari. Kaka akaniambia niziache hapohapo sebuleni, niende zangu. Nikaenda kupeleka kazi za wateja.

Niliporudi jioni mlango wa sebule ulikuwa umerudishwa. Nilimsikia kaka ndani.

"Moja, mbili, tatu, nne. Kushoto. Moja, mbili. Kushoto tena, bana. Moja, mbili, tatu..."

Nikachungulia. Pua yake ilikuwa karibu kugusa kioo cha kompyuta. Alikuwa anaisafirisha pua juu ya picha, taratibu, kama mtu anayenusa mchuzi.

"Kaka, unafundisha gwaride?"

Hakushtuka. "Ndiyo. Na wewe umeachwa nyuma. Funga mlango."

Nikafunga. Nilikuwa na njaa. Nawaambia ukweli, mtu anaweza kusikia neno kushoto waziwazi, akawa anawaza chakula.

Jumapili watu walijaa. Mtangazaji wa mbio zetu tunamwita Kipaza, mtu ambaye hata kwenye msiba anaomba asogezewe maiki.

Kaka akavaa helmeti. Shemeji akamfunga mkanda wa kidevu yeye mwenyewe, akamwambia kitu ambacho sikukisikia. Kaka akaingia, akagusa ufa, akanyoosha kidole gumba kwa Fundi. Fundi alikuwa amesimama upande mwingine kabisa. Nikasema moyoni, huyu leo ana mzuka.

Bendera ikashuka.

Akaondoka vizuri mno. Mnyooko wote gari limenyooka kama uzi. Mwisho wa mnyooko, watu wote tumeshageuza shingo kulia kumsubiri ukutani, kaka akakata kushoto.

Akavuka chokaa. Akaingia majanini.

Kipaza akakohoa kwenye maiki.

"Mabibi na mabwana, Injini ameamua kwenda kulima!"

Uwanja ukapasuka. Mwoka mikate alikuwa anajipiga mapaja. Mwalimu wa hesabu alitoa simu kurekodi. Nami nikacheka, kwa sababu nilidhani ni mzaha wake wa kuagia. Kaka ni mtu wa namna hiyo.

Lakini gari halikusimama. Halikurudi.

"Sasa anatafuta kuku aliyepotea! Aliyepotelewa na kuku ajitokeze!"

Fundi Grisi ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Akanishika mkono kwa vidole vyake vya mafuta.

"Skrubu. Angalia. Anapiga kona."

"Kona gani? Kule hakuna njia."

"Anapiga kona, nakwambia. Angalia anavyoweka gari."

Nikaangalia. Kaka alikuwa anaendesha vizuri kuliko nilivyowahi kumuona akiendesha. Anapunguza, anakata, anafungua moto, anapita ubavuni mwa ukuta usiokuwepo. Akaukwepa mtaro usiokuwepo. Nilikuwa nimeziona zile picha, naijua ile njia. Kona ya pipa jekundu ilipofika aliipiga kwa ustadi wa kutoa machozi, na pale hapakuwa na pipa wala jekundu.

Ilikuwa njia yetu yote. Kinyume tu, kama ya kwenye kioo.



Akaurudia mnyooko, akavuka mstari wa kumalizia, wa kweli, akasimama. Akatoka. Akanyanyua mikono yote miwili juu.

"Vipi? Muda wangu?"

Watu walikuwa wanalia kwa kucheka. Kipaza alikuwa amejiinamia, maiki inakoroma peke yake.

Nilikuwa nimesimama kushoto kwake, karibu. Kaka akanyoosha mkono ili nimpe tano. Akaunyoosha mbele, kwenye nguzo ya bendera. Akabaki anaisubiri ile nguzo, anatabasamu.

Hapo ndipo niliposhika. Meza. Chai. Mlango. Mgongo uliokuwa hauumi. Yote yalikuja kwa mpigo, na utani wangu wote ukaja nyuma yake umepanga foleni.

Shemeji alipita katikati ya watu kama maji. Akaushika ule mkono uliokuwa hewani, akamgeuza mumewe taratibu, akaondoka naye. Hakumtazama mtu. Aliyekuwa anacheka akaendelea kucheka, ila sauti ikawa inapungua, inapungua, mpaka nikaisikia kwikwi ya mchekaji mmoja tu.

Kesho yake kaka alituambia. Macho yake yalikuwa yanajifunga kutoka pembeni kuja katikati. Alikuwa amebakiwa na katundu, kama anayeangalia dunia kupitia mrija wa soda. Akitazama kitu kidogo anakiona vizuri, hata sindano. Lakini dunia yote kwa pamoja ilikuwa imemtoka. Daktari alishamwambia katundu nako kataziba. Shemeji alikuwa anajua, na alikuwa ameapishwa.

"Nilitaka mara moja tu," alisema. "Nihesabu picha, nihesabu na mwendo. Kila picha sekunde. Nilikuwa nayo kichwani njia yote. Sijui nilikosea wapi."

Alisema hivyo mbele yetu. Sijui nilikosea wapi. Shemeji aliinuka akaenda jikoni.

Gari likafunikwa turubai. Na nyumba ikafunikwa vilevile.

Siku moja mchana shemeji alikuwa anaanika nguo, mimi namshikia kikapu. Bila kunitazama, akaongea na shuka.

"Shem, ni mimi niliyegeuza."

"Umegeuza nini?"

"Picha. Alikuwa anaoga. Nikakumbuka maneno yako ya siku ile ya mikate. Nikachagua zote, nikabonyeza."

Niliweka kikapu chini.

"Kumkataza niliogopa. Angekufa ndani kwa ndani. Kuwaambia wenye mbio, nilikuwa nimeapa. Na ule ukuta... kila nikifumba macho nilikuwa nausikia, shem. Nikasema, bora aende kwenye majani. Atakwenda, atakosea, atasimama, yamekwisha." Akabana kibanio mpaka kikalia. "Sikujua kama watacheka vile. Sikujua kama ataimaliza yote. Nimemvua nguo mbele za watu, siku yake ya mwisho. Usimwambie. Akijua ni mimi, hatanisamehe."

Nikaapa.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja nilimkuta kaka chini ya turubai, ndani ya gari, mikono kwenye usukani.

"Skrubu. Ingia."

Nikaingia upande wa abiria.

"Ufa uko wapi?"

"Uko mbele yangu, kaka. Upande wa abiria, siku zote."

"Kwenye picha ulikuwa mbele yangu mimi."

Nikageuka nikamtazama.

"Lile tundu langu dogo lakini lilikuwa linaona, mdogo wangu. Nilipita na pua, nikakutana na ufa wangu umekaa kulia, upande wa dereva. Nikasema, heh. Nani kamhamisha?" Akacheka kidogo. "Wewe ni mjinga kwa mengi, ila kazi ya mikate ilikufundisha. Picha hukosei tena. Na nyumbani siku ile tulikuwa wawili tu, mimi na mke wangu."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua hata kabla sijamaliza kukariri."

"Ungezigeuza kichwani basi! Kushoto unasema kulia, imeisha!"

"Ningeweza."

"Sasa kwa nini ukaenda kule, kaka? Watu wamekucheka mpaka leo wanakuonyesha kwenye simu zao!"

Akaunyoosha mkono, akaupapasa ufa mpaka akaupata.

"Mke wangu sijawahi kumuona anaomba kitu. Safari hii aliomba, tena aliogopa hata kuniomba kwa mdomo. Sasa wewe ungekata kulia?"

Nilitazama nje. Turubai tupu.

"Nikasema nitaimaliza yote, kila kona, asijione kama kaniharibia. Nikatoka nimenyanyua mikono. Nilidhani atacheka." Akarudisha mkono kwenye usukani. "Hakucheka. Sasa haongei. Amechoka na kipofu, na simlaumu. Usimwambie kwamba nilijua. Abaki akiamini aliniokoa. Kweli aliniokoa."

Nikaapa tena. Nilikuwa nimeshakuwa kabati la viapo.

Sasa hebu nioneni nilivyo. Mtu na mkewe wanakaa kochi moja. Mke anaamini mume akijua atamchukia. Mume anaamini mke kamchoka. Siri yao ni ileile moja, kila mmoja kanipa nusu yake, na mimi ndiye ninayekaa kwenye stuli mbele yao nikila wali.

Nimejaribu utani. Haufanyi kazi mle ndani. Unadondoka sakafuni unabaki pale.

Katundu kameshaziba. Kaka sasa anaujua mchana kwa joto la dirisha. Na wiki hii nimeona begi la shemeji nyuma ya mlango wa chumba, limejaa, zipu imefungwa. Nikamuuliza. Akasema anakwenda kwao kupumzika. Watu wanaokwenda kupumzika hawabebi picha ya harusi.

Kitu kimoja tu kimebaki kati yao. Kila jioni baada ya kula, shemeji anakaa upande wake wa kochi, kushoto kwa kaka, anafungua simu na kumsomea simulizi. Za humu humu, kwenye ukurasa huu. Kaka anasikiliza, kichwa kimelala nyuma. Hawazungumzi kingine, lakini hicho hawajakiacha.

Niliapa kwamba sitamwambia. Niliapa mara mbili. Sijamwambia mtu. Nimeandika tu hadithi, na nimeitupia mahali ambapo watu husoma hadithi.

Ninyi wengine, kama mnataka funzo, hili hapa mlibebe mwende nalo. Mnaweza kupendana mpaka mkapotezana, kila mmoja akimficha mwenzake jema alilomtendea. Jema likifichwa muda mrefu linaanza kunuka kama kosa. Liseme. Liseme hata vibaya, hata kwa kuchelewa, hata kwa kumtuma mdogo wako mwenye mdomo.

Sasa naomba mnipishe, nina watu wangu hapa.

Shem. Najua ulijitambua tangu kwenye kandambili. Na najua hukuacha kusoma, kwa sababu ungenyamaza angekuuliza, mbona umenyamaza? Sasa umeshamsomea yote kwa sauti yako mwenyewe. Lake umelisikia, lako amelisikia. Ugomvi wa kuvunja viapo nitaupokea nikirudi, niko hapa nje kwenye ngazi.

Weka simu chini. Usifute macho, haoni.

Na wewe kaka, mkono wake uko palepale ulipokuwa siku zote.

Kata kushoto.